Nani Anasoma?

1

Nguzo ya mtoni ilisema "Njano" kabla Atuganile hajamaliza kufungua madirisha ya ofisi.

Alisimama na komeo mkononi, akasikiliza. Kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlango wa ofisi ya skimu kilikuwa na kawaida ya kurudia, kama mtu asiye na hakika kwamba amesikika. "Njano," kilisema tena, kwa ile sauti tulivu ya mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wakulima wawili waliokuwa wakipita na mabomba ya dawa mgongoni walitazamana, kisha wakaongeza mwendo bila kusema kitu.

Nguzo ile ilisimikwa kwenye banio, pale mto Lukwambe unapozuiwa na maji yake kugawanywa katika mifereji miwili, mmoja wa watu wa Juu na mmoja wa watu wa Chini. Tangu isimikwe ilikuwa ikisema "Buluu" kila asubuhi, hadi watoto wakaigeuza kuwa salamu yao ya kwenda shule. Rangi zilipakwa ukutani pale kupimia kina cha maji: chini ya buluu palipakwa njano. Chini ya njano palipakwa nyekundu, na nyekundu hakuna aliyewahi kuisikia ikitamkwa.

"Ee Bwana, utuangalie," alisema Atuganile kwa sauti ndogo, akaingia ndani.

Shadya Kinyogoli alikuwa ameshafika. Alikuwa fundi wa mifumo aliyetumwa na wilaya, binti mrefu mwenye ushungi wa kijani, na alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku la Fasaha kama mtu anayekamua mbuzi mkorofi.

"Shikamoo, mama katibu."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Mimi nimelala. Mbu wenu ndio wamekesha."

Atuganile alicheka, ingawa kicheko chenyewe hakikufika mbali. Alivuta kiti, akaketi karibu. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi wilaya ingezima mtambo mkuu wa Fasaha, mfumo wa zamani wa kutunzia nyaraka. Kampuni iliyoutengeneza ilishakufa zamani, vipuri vyake vilikuwa vikiokotwa kwenye majalala, na mafundi waliouelewa walikuwa wamezeeka au wamehama kazi. Mahali pake pangekaa Waraka, mfumo mpya, mwepesi, unaofanya jambo moja tu: kuandika unachouandikisha na kukionyesha vilevile. Nyaraka zote za Fasaha ambazo zisingehamishwa kufikia siku hiyo zingebaki kama mbegu zilizochemshwa. Zingekuwapo, lakini zisingeota tena.

"Tumefika wapi?" Atuganile aliuliza.

"Mihutasari ya vikao imepita. Zamu za maji zimepita. Ripoti za mbegu zimepita, ingawa nyingine sijui zilikuwa zinaripoti nini. Umebaki mkataba wenu wa maji. Huo unanigomea."

"Unagomaje?"

Shadya aligeuza kishikwambi ili Atuganile aone. Katikati ya kioo kitupu palikuwa na maneno mawili: Nani anasoma?

Kwa mtu aliyezoea karatasi swali hilo lingeonekana la kipuuzi. Karatasi haimuulizi mtu jina. Lakini Fasaha ilibuniwa wakati watu walipochoka kutia dole gumba kwenye karatasi wasizozielewa. Ilikuwa haihifadhi maneno. Ilihifadhi makusudio. Mtu alikaa mbele yake akaieleza anachotaka, nayo ikayaweka makusudio hayo, na siku msomaji alipofungua ndipo ilipotunga maneno ya kumfaa yeye. Mwanasheria alisoma lugha ya wanasheria. Bibi asiyejua kusoma alisomewa kwa matamshi ya nyumbani kwao. Watu waliipenda kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwao waraka uliongea nao kama ndugu.

"Hizi nyingine niliiambia msomaji ni ofisi, ikakubali," Shadya alisema. "Huu umefungwa kwa mihuri ya pande mbili. Unataka msomaji awe mmoja wa waliotia muhuri. Funguo za wenyeviti si zimo humu?"

"Zimo. Zinatumika siku ya kusomewa tu."

"Basi nifungue kwa Juu, halafu kwa Chini, niziweke nakala zote mbili kwenye Waraka, nilinganishe. Maneno yatapishana kidogo, ndiyo kazi ya Fasaha. Maana ikiwa ileile tunachagua moja, tunafunga kazi, mimi narudi kwa mama yangu."

Alifungua kwa ufunguo wa Juu. Kurasa zikamiminika. Alifungua kwa ufunguo wa Chini. Kurasa zikamiminika tena, zikajipanga pembeni ya zile za kwanza. Waraka ulipita juu yazo mstari kwa mstari, ukiweka alama ya kijani penye maana moja, na kijani kilishuka vizuri kama mpunga uliopandwa kwa kamba, mpaka kilipofika ibara ya tisa. Hapo kikakatika.

Atuganile aliinama asome. Alisoma upande wa kushoto, akasoma wa kulia, akarudi wa kushoto.

Mkataba aliofunguliwa mtu wa Juu ulisema: mto ukifika alama nyekundu, lango la Chini litafungwa kwanza, mpaka vitunguu vya Juu vivunwe.

Mkataba aliofunguliwa mtu wa Chini ulisema: mto ukifika alama nyekundu, lango la Juu litafungwa kwanza, mpaka mpunga wa Chini utoe mashuke.

"Umekosea ufunguo," alisema Atuganile.

"Sijakosea, mama."

"Rudia."

Shadya alirudia. Ukatoka vilevile. Atuganile alipitisha kidole juu ya mistari yote miwili. Yeye mwenyewe alikuwa akiisoma ibara hiyo miaka yote kwa ufunguo wa katibu, na aliijua kwa moyo: mgao utafanyika kwa haki na usawa, kwa mujibu wa taratibu zilizoridhiwa na pande zote. Aliwahi kuwasomea wageni kutoka mkoani kwa sauti ya kujivuna. Hakuwahi kujiuliza ni taratibu zipi.

2

Kila mwaka malango yanapofunguliwa kwa ajili ya msimu, watu wa Lukwambe husomewa mkataba wao. Juu wanakaa kwenye uwanja wa kanisa na kula kande. Chini wanakaa kwenye ghala la mpunga na kula ubwabwa. Hawakai pamoja, kila mwenyekiti huwafungulia watu wake bila katibu, na mgeni akiuliza sababu anaambiwa tanga halijaanuliwa.

Hilo lilikuwa la kweli. Mwaka wa Majembe, kabla ya mkataba, watu walipigana pale kwenye banio asubuhi moja, na maiti mbili zikalala ukingoni: Lwitiko wa Juu na Maulidi wa Chini. Kwa desturi ya bonde hilo, wakifiwa majirani wawili, yule aliyefiwa baadaye ndiye humpelekea mwenzake beseni la maji ya kunawa, na wakishanawa pamoja ndipo tanga linapoanuliwa na wanaweza tena kukaa kikao kimoja. Lakini vijana wale walikata roho katika purukushani ileile, na hakuna aliyeweza kusema ni yupi alitangulia. Juu wakangoja beseni. Chini wakangoja beseni. Watu waliuziana vitunguu na mchele, walioleana, walizikana, lakini kikao hawakuwahi kukaa.

Kwa hiyo hata mkataba ulitungwa kila upande kwao. Mzee Ndelwa, katibu wa wakati ule, alibeba kishikwambi asubuhi akakaa na Juu, alasiri akakaa na Chini, na kila upande ulieleza makusudio yake.

"Tazama hapa," Shadya alisema. Alikuwa amechimbua mpaka chini ya mkataba, kwenye mambo ambayo msomaji hayaoni. "Makusudio mawili yakigongana, Fasaha inamuuliza mwandishi. Nilinganishe au niridhishe? Ukibonyeza Linganisha, inagoma kufunga waraka mpaka watu wakubaliane. Ukibonyeza Ridhisha, inamwonyesha kila mtu lile lake." Aligonga kioo kwa ukucha. "Mzee wenu alibonyeza Ridhisha."

"Kwa kutojua?"

"Inauliza mara tatu, mama, kwa maandishi makubwa. Lakini mtu akiwa na haraka..." Aliinua mabega. "Mzee mwenyewe yupo?"

"Marehemu."

Nje, mtu alikuwa akijaribu kuwasha trekta na trekta likimkatalia.

"Mimi naona hivi," Shadya alisema hatimaye. "Tufunge ule wa kwako, wa katibu. Haki na usawa. Ndio tunaouhamishia kwenye Waraka, kila mtu anausoma huohuo. Jumamosi Fasaha inazimwa, hii ibara ya vichwa viwili inakufa nayo, hakuna atakayeweza kuthibitisha lolote. Wakigombana watakuja ofisini, na ofisini watasomewa haki na usawa."

"Na majembe watayaacha wapi wakija?"

Shadya aliondoa kidole kwenye kioo.

"Nipe muda," Atuganile alisema. "Usihamishe kitu. Nipe hadi Ijumaa."

3

Alitembea kwenda nyumbani kwa njia ya kingo za mfereji, kwa sababu miguu yake haikutaka kutulia. Maji yalikuwa yamepungua kiasi kwamba saruji ya pembeni ilionyesha ukoga wake mweusi. Alijaribu kusali akiwa anatembea, lakini kila sala aliyoianza ilimpotea katikati.

Mama mkwe wake, Bi Sikudhani, alikuwa akiamia ndege kwenye majaruba ya mpunga. Alikuwa mwenyekiti wa Chini na mwenye vyombo viwili vya kuruka vilivyonunuliwa kwa kazi hiyo, lakini alikuwa ameviegesha kwenye kibanda na kuchukua kopo lenye kokoto.

"Hivi vinaruka vizuri," alisema, akivionyesha kwa kidevu. "Tatizo ndege wamevizoea. Juzi nimekuta kwerea amekaa juu ya kimoja, anajitengeneza manyoya."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukauka? Ni hiyo njano?"

"Ni hiyo njano."

"Usihangaike." Bi Sikudhani alitikisa kopo, na wingu la kwerea likainuka likahamia jaruba la jirani. "Iseme hata nyekundu. Nyekundu ikisemwa, Juu wanafunga, sisi tunamwagilia mpaka mashuke. Ndivyo tulivyoandikiana. Unajua siku ile Ndelwa aliponisomea hiyo ibara nililia? Nilisema, basi, Maulidi wangu hakufa bure. Kifo chake kimekaa humu ndani kwenye maandishi, hakuna wa kukifuta."

Atuganile aliokota kokoto, akaigeuzageuza mkononi.

"Wewe unalo jambo," Bi Sikudhani alisema, akimtazama.

"Kazi tu, mama. Tunahama mfumo."

"Hameni salama. Ila ule wangu msije mkaupoteza njiani."

Alhamisi asubuhi alipanda Juu, kwa mjomba wake Ambakisye. Huko ndiko alikozaliwa yeye, na Lwitiko aliyekufa alikuwa mtoto wa mjomba huyo. Mzee Ambakisye alikuwa kwenye tuta, akipapasa shingo za vitunguu kuona kama zimelainika.

"Ah, mke wa watu. Umekuja kuona chakula kinavyoota?"

"Nimekuja kukusalimia, mjomba."

"Salamu za katibu zina mguu mwingine. Kaa hapo, usinikanyagie." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nimesikia nguzo. Waambie wakwe zako waanze kuzoea ugali. Ikifika nyekundu wanafunga wao, mpaka nitoe hivi. Mimi sina ugomvi na mtu. Kama si ule mkataba, siku ile nisingeweka jembe chini. Niliuweka ule uchungu wote pale, kwenye ibara ya tisa, nikarudi nikalala."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza mahali alipoweka ufunguo wa nyumba. Hilo ndilo lililomsumbua Atuganile kuliko kelele yoyote. Pande zote mbili zilikuwa zimetulia. Zilikuwa zimetulia kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwapo.

Mumewe Mbaraka alimsikiliza hadi mwisho, akiwa anarekebisha mnyororo wa baiskeli ya binti yao.

"Uliwaambia?" aliuliza.

"Sikuweza."

"Alhamdulillah."

"Mbaraka."

"Hebu sikiliza, Mama Tuse. Tuse amezaliwa ndani ya mkataba huo. Amecheza na watoto wa Juu, ameshona sare Juu, ana mwenzake wa Juu ambaye hawaachani. Hakuna aliyechimbiwa kaburi tangu kaka yangu. Kama ni uongo, umetulisha." Alizungusha pedali, mnyororo ukateleza ukatoka tena. "Yule binti wa wilaya amekupa njia. Ipite."

"Na nyekundu ikisemwa kesho? Mama atakwenda kufunga lango la Juu kwa haki yake. Mjomba atakwenda kufunga la Chini kwa haki yake. Watakutana pale pale."

"Huenda mvua ikanyesha."

"Huenda."

Mbaraka aliinua mikono yake yenye grisi, akaitazama. "Ukiwasomea, mama atakuuliza ulikuwa upande wa nani. Na mjomba wako atakuuliza hivyo hivyo. Hutakuwa na kwenu."

Atuganile aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba mvua, kwa sababu kila mtu bondeni alikuwa akiiomba. Aliomba aonyeshwe la kufanya, kisha akabaki akisikia mnyororo ukipanda na kuteleza nje. Hakuna sauti iliyomjia. Kilichomjia ni kumbukumbu ya mambo madogo: siku ile ya mazishi mawili, yeye alizika asubuhi Juu na kuzika jioni Chini kwa kanga ileile, kwa kuwa hakuwa na muda wa kubadili. Hakuna aliyemletea beseni siku hiyo. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu mmoja aliyefiwa pande zote mbili kwa mara moja, na ambaye kwake hakukuwa na wa kwanza wala wa pili.

Aliinuka, magoti yakimuuma, akaenda jikoni kutafuta beseni kubwa.

4

"Mama, utaratibu hauruhusu," Shadya alisema Ijumaa, akimfuata mbiombio kwenye tuta la mfereji, kishikwambi kimoja kifuani na kingine kwapani. "Mimi nimetumwa kuhamisha nyaraka. Sijatumwa kuitisha watu."

"Hukuwaita wewe. Nimewaita mimi."

"Na nikiulizwa wilayani?"

"Utasema waraka uligoma. Si uligoma?"

"Uligoma."

"Basi."

Walikuja baada ya swala ya Ijumaa, na walikuja kwa sababu hawakujua wanaitiwa nini. Atuganile alikuwa amepeleka neno moja tu kila upande: njooni kwenye banio, beseni limepatikana. Juu walisimama upande wa lango lao. Chini walisimama upande wa lango lao. Katikati palikuwa na ukuta wa zege, na ukutani rangi tatu, na maji yaliyokuwa yakilamba ukingo wa chini wa njano.

Atuganile alishuka ngazi, akachota maji kwa beseni, akapanda nayo. Yalikuwa mazito kuliko alivyodhani. Alikwenda kwanza mahali ambapo hakuna aliyesimama, katikati, akaliweka chini.

"Siku ile nilifiwa mara moja," alisema. "Lwitiko ndugu yangu, Maulidi shemeji yangu. Kwangu hawakupishana. Kama ni kungoja nani alitangulia, mimi sina wa kumngoja. Nanawa."

Alinawa. Maji mengine yalimwagika miguuni. Kisha Mzee Ambakisye alikohoa, akasema, "Huyu mtoto alikuwa mkaidi tangu anatambaa," akaja, akachovya mikono. Bi Sikudhani alimwangalia akinawa. Alikunja kanga yake, akaja naye, na kwa muda mikono ya wazee wawili ilikuwa ndani ya beseni moja bila kugusana.

Watu wakapumua. Mwanamke mmoja wa Chini alianza kigelegele.

"Subirini," Atuganile alisema. "Bado kigelegele."

Alichukua kishikwambi cha Waraka, akawasomea ibara ya tisa ya Juu. Upande wa Juu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kabla Chini hawajaelewa vizuri wamesikia nini, aliwasomea ibara ya tisa ya Chini. Halafu, kwa kuwa hakutaka kujiacha nje, aliwasomea na ile ya katibu.

Hapo maneno yalilipuka.

"Nani kaandika hiyo ya kwao?"

"Wameibadili ofisini."

"Huyu si mwali wao? Mlitegemea nini?"

"Mwali wetu? Ni damu yenu huyu."

Kijana mmoja wa Chini alivuka akashika usukani wa chuma wa lango la Juu, tayari kulifunga. Kijana mwingine, wa Juu, alivuka akashika wa lango la Chini. Shadya alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Ndelwa alijua?" Mzee Ambakisye aliuliza. Hakupaza sauti, lakini waliomzunguka walinyamaza ili wamsikie.

"Sijui, mjomba. Mashine ilimuuliza mara tatu."

"Alikuwa akija kwangu kila Idi," Bi Sikudhani alisema. Alikuwa amekaa chini, juu ya ukingo, bila kutandika kitu. "Alikula, akacheka. Alinipa sahani ya mwanangu, nikala miaka yote hii, kumbe ilikuwa tupu." Alimwinulia Atuganile macho. "Na wewe umekuja juzi shambani ukaniambia ni kazi tu."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa upande wa nani?"

Mbaraka, aliyesimama nyuma ya mama yake, aliangalia ardhi. Atuganile alitafuta jibu, na majibu yote aliyoyapata yalikuwa ya kumfaa mmoja.

"Nilikuwa naogopa," alisema.

Mzee Ambakisye alinyoosha mkono. "Leteni hiyo Fasaha yenyewe. Mimi siamini karatasi ya leo. Itusomee sisi wote tukiwa tumekaa hapa, tuisikie kwa masikio yetu. Ilikuwa haijawahi kutukuta pamoja. Huenda inalo neno."

Shadya alimtazama Atuganile, Atuganile akaitikia kwa kichwa. Binti akakiweka kishikwambi cha zamani juu ya ukuta, akakipa sauti yote, akaweka funguo mbili kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Kioo kilimulika.

"Nani anasoma?" Fasaha iliuliza, kwa sauti ambayo kila mmoja wao aliijua kama sauti ya nyumbani kwao.

"Watu wa Juu na watu wa Chini," Atuganile alisema.

Mashine ilifikiri. Watu waliokuwa wamesimama walianza kuketi, mmoja mmoja, kama watu wanaongoja habari za mgonjwa. Kitu kilivuma ndani ya kishikwambi, kikaacha, kikavuma tena.

"Samahani," Fasaha ilisema. "Siwezi kuwaridhisha nyote kwa pamoja."

Kioo kikabaki cheupe.

Na wakati huohuo, nyuma yao, bila haraka, nguzo ya mtoni ilisema neno ambalo haikuwahi kulisema. "Nyekundu," ilisema. Ikangoja, ikarudia.

Vijana wawili kwenye malango walikaza mikono. Ungeweza kusikia chuma kikilia kidogo, upande huu na upande ule, kila kimoja kikijibu kingine. Hakuna aliyejua nani angezungusha kwanza, na hata hao vijana hawakujua. Waliwatazama wazee wao.

Mzee Ambakisye hakutazama lango. Alikuwa akitazama kioo cheupe, kama mtu aliyefungua sanduku aliloweka uchungu wake akakuta chini pamejaa hewa. Bi Sikudhani alikuwa akitazama beseni.

"Katibu," alisema Bi Sikudhani. Hakusema mwanangu. "Hiyo mpya yenu. Hiyo nayo inatunga?"

"Haitungi, mama. Inaandika nitakachoandika mimi, na kila mtu anasoma hichohicho."

"Hata kama hakimpendezi?"

"Hata kama hakimpendezi."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Andika la kweli, tulione. Wewe si ndiye uliyenawa kwanza?"

Atuganile alifungua ukurasa mpya wa Waraka. Hakuna kilichomuuliza kitu. Alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, jina la Mungu tu, kisha akaandika sentensi moja polepole, akaisoma kwa sauti ya kufika kwenye malango yote mawili.

"Sisi watu wa Juu na sisi watu wa Chini hatujawahi kukubaliana."

Mtu alicheka kwa mshangao, akajikatiza. Wengine walikunja nyuso. Maji yalipita chini ya ukuta kwa sauti nyembamba. Atuganile alikaa na vidole juu ya kioo, akisubiri kuambiwa afute.

"Hilo," alisema Mzee Ambakisye, "siwezi kulikataa."

"Hata mimi," alisema Bi Sikudhani.

Aliwageukia vijana na kuwafanyia ishara ya mkono, ile anayowafanyia kwerea, na kijana wa Chini akauachia usukani. Yule wa Juu alimtazama mwenzake, akamtazama Mzee Ambakisye, akauachia naye. Malango yakabaki wazi yote mawili, maji machache yakigawanyika yenyewe kadiri ya zege lilivyoyaelekeza.

Bi Sikudhani alisogea kwenye ukingo, akaacha nafasi pembeni yake ya mtu mmoja kukaa, bila kusema ni ya nani. Mzee Ambakisye akaja akaketi hapo.

"Haya," alisema Bi Sikudhani. "Andika la pili."